Moja, Mbili, Tatu, Amina

Kanisa la Kangemi lilijaa hadi watu wakasimama nje kwenye kokoto, siku tuliyomuaga Mzee Wafula kabla ya mwili wake kupelekwa Bungoma. Nilikuwa nimeketi safu ya nne kutoka mbele, pamoja na watu waliofanya kazi na marehemu, na mkononi nilikuwa na karatasi yenye maneno niliyotakiwa kusema, maana nikianza kulia siwezi kuongea bila kusoma. Sikuyasema. Kabla jina langu halijaitwa niligeuka kuangalia kama mvua imeanza, nikamwona Mama Mwende ameketi karibu na mlango, kitambaa cheusi kichwani, akijipepea kwa ratiba ya ibada. Nilikuwa sijamwona kwa miaka kumi na minane, lakini nilimjua papo hapo. Nikainuka kama mtu anayekwenda msalani, nikatokea mlango wa pembeni, nikaishia jikoni kwa akina mama waliokuwa wakiandaa chai. Huko nikabaki nikiosha vikombe vilivyokuwa visafi tayari, mpaka gari la maiti likaondoka. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye mafundi kumi na wawili chini yake, amejificha nyuma ya birika! Aibu hiyo ni yangu, na sitaki mtu anipunguzie.

Mjane wa Mzee ndiye aliyenikuta pale jikoni, siku chache baadaye tuliporudishia kanisa viti na sufuria. Hakuniuliza kwa nini sikusema neno siku ile. Alitoa mfukoni mwa koti daftari la jalada gumu, kona zake zimelika, akanipa. "Mzee alisema hii ni yako," akaniambia. "Alisema usome ile ya Upper Hill." Nililijua daftari lile kabla sijaligusa. Nililisoma nikiwa nimesimama palepale, ukurasa mmoja tu, kisha nikaketi juu ya kreti ya soda.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwanagenzi katika kampuni ndogo iliyokodisha mashine za fotokopi za rangi kwa maofisi ya mjini. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja katika ghorofa ya tatu, upande wa chini wa mji, kimejaa mashine zilizovuliwa ngozi. Wino wa mashine hizo ni unga, na unga ule unaingia kila mahali. Ukipenga kamasi jioni, kitambaa kinatoka na rangi nne. Tulikula chapati na maharagwe ya madondo juu ya meza ileile tuliyofungulia mashine, tukitandika gazeti, na kila siku Mzee Wafula aliomba kabla ya kula hata kama chakula chenyewe ni andazi moja. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye vidole vinene ambavyo usingedhani vingeshika skrubu ndogo kama punje ya mchele. Wateja walimwita Daktari. Yeye alikataa jina hilo, lakini nilimwona akitabasamu kila alipoitwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma namba. Mashine ikiugua haisemi kwa maneno, inaandika namba kwenye kioo chake na kugoma. Kuna namba za karatasi iliyokwama, namba za wino, namba za ngoma inayochora picha. Halafu kuna zile namba za jiko. Jiko ndivyo tulivyoita ile sehemu ya moto inayopikia unga wa wino kwenye karatasi ili usifutike. Namba ya jiko ikitokea, mashine inajifunga kabisa, na hata uizime ukaiwashe mara kumi haifunguki, kwa sababu aliyeiunda alijua pale pana moto. Ni fundi peke yake anayeweza kuifungua, kwa kupitia mfululizo wa vitufe tuliouficha kama siri ya ukoo. Sisi tuliuita mlango wa fundi. Mwishoni mwa mfululizo ule unashika kitufe cha kijani kwa muda fulani, si mrefu, si mfupi, na Mzee Wafula alitufundisha kuupima kwa namna yake. "Moja, mbili, tatu, amina. Halafu achilia." Kwingine kote mjini mafundi walihesabu hadi nne. Ni sisi wanafunzi wake tu tuliosema amina.

Sharti lake lilikuwa moja: usifute namba kabla hujaiandika daftarini na kutafuta sababu. Nakumbuka nyumba moja ya Kitisuru, yenye mbwa watatu na ua unaonyunyiziwa maji hata siku za mvua, ambapo mshauri mmoja wa mambo ya miradi alikuwa na ofisi nyumbani. Namba ilikuwa inarudi kila wiki, na fundi aliyetutangulia alikuwa akiifuta tu na kwenda zake. Mzee alilala chali sakafuni na tochi mdomoni kwa saa nzima, akatoa mjusi aliyekauka, ameiva rangi ya samawati. Alimweka kwenye kisosi cha yule tajiri bila kuomba ruhusa. "Namba inakuonyesha mahali panauma," akaniambia tukirudi. "Hiyo ingine ni kazi yako, Mumbua." Akaandika daftarini, kwenye safu ya Sababu: mjusi. Hakuwahi kuacha safu ile wazi.

Mteja wetu mkubwa alikuwa ofisi ya wapima ardhi kule Upper Hill, ghorofa ya tisa, na mashine yao ilikaa katika chumba kisicho na dirisha, katikati ya jengo. Chumba kile kilikuwa cha Mama Mwende. Alikuwa mwanamke wa Machakos kama mimi, makamo ya mama yangu, amefanya kazi pale tangu ofisi ilipokuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono. Alijua karatasi kwa kuishika tu. Ramani za mashamba, za barabara, za maji, zote zilipitia mikononi mwake, na wapima ardhi waliingia pale wakazungumza mambo yao mbele yake kama vile yeye ni sehemu ya mashine: nani anaachwa na mke, nani atafutwa, shamba gani lina kesi. Wakitoka ananigeukia na kupandisha nyusi, nasi tunacheka kimyakimya hadi machozi. Kila nilipokwenda saa za mchana alifungua kopo la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaligawa kwa kifuniko, nusu yangu, nusu yake. "Kula, mwiitu wakwa," aliniita binti yake kwa Kikamba. "Hii kazi ya kulala chini ya mashine na tumbo tupu itakumaliza." Binti yake wa kweli, Mwende, alikuwa na miaka tisa, na picha yake ilibandikwa ukutani juu ya rimu za karatasi. Nimekula chakula cha mwanamke yule mwaka mzima. Hilo nataka lijulikane kabla sijaendelea.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Asubuhi kampuni ilinipa barua ya kuajiriwa kwa kudumu, mwanamke wa kwanza kuipata, nikaikunja na kuiweka kifuani. Kisha nikatumwa peke yangu Upper Hill kusafisha jiko la mashine ya Mama Mwende. Nililitoa, nikalisafisha, nikalirudisha, nikaharakisha. Kuna plagi ndogo nyeupe ya kipima joto ambayo lazima uisukume mpaka isikike "tak". Hadi leo sina kumbukumbu ya kusikia "tak" ile. Nilikuwa nawaza wenzangu walioningoja Kenyatta Market kunisherehekea kwa nyama choma. Mama Mwende alinipigia makofi nilipomwonyesha barua, akanikumbatia na unga wangu wote wa wino, akaniambia niende nisiwacheleweshe watu.

Nyama ndiyo kwanza ilikuwa imekatwa kwenye ubao, na kachumbari imekuja, simu ikalia.

"Mumbua, hii kitu imeandika ile namba ya jiko."

"Umezima ukawasha?"

"Mara tatu. Inarudi tu. Na hawa watu wanataka ramani zao za tenda saa nane, unajua vile director huwa. Si urudi kidogo?"

Kutoka Kenyatta Market hadi pale si mbali, ningefika kwa miguu kabla nyama haijapoa. Nilitazama ule ubao. Wenzangu walikuwa wakinicheka, "Wacha kazi, madam permanent!" Nikainuka nikasogea ukutani, nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, shika kalamu. Nitakuonyesha kitu, lakini usiambie mtu."

"Siwezi haribu?"

"Huwezi. Mimi hufanya hivyo kila siku."

Nikampa mfululizo wote, kitufe baada ya kitufe, naye akiurudia kwa sauti ya chini kama mtoto anayekariri katekisimu. "Sasa shika ile ya kijani," nikamwambia, "uhesabu moja, mbili, tatu, amina. Halafu uachilie."

"Amina pia?" Akacheka.

"Amina pia. Bila amina haishiki."

Nikamsikia akihesabu. Nikasikia mashine ikiamka. Akanishukuru, akanibariki, nami nikarudi kwenye nyama.

Jiko lisilo na kipima joto halijui kusimama. Ramani ya kumi au ya kumi na moja ilinasa ndani ikaanza kuungua. Fyuzi ya usalama ilikata umeme, lakini karatasi ilikuwa imeshashika, na moshi ukajaa kile chumba kisicho na dirisha. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mtu mmoja alikimbia na kizima moto, akapuliza unga mweupe juu ya mashine, juu ya ramani zote zilizokuwa tayari mezani, juu ya Mama Mwende mwenyewe aliyekuwa akijaribu kuziokoa. Tenda ile haikupelekwa. Nilipofika, nikiwa bado nanuka moshi wa nyama, nilimkuta ameketi kwenye ngazi, mweupe kichwa hadi miguu. Alinitazama kwa matumaini. Ndiyo, matumaini. Alidhani nimekuja kueleza.

Jumatatu tuliitwa chumba cha mikutano. Walikuwepo bosi wetu, mkurugenzi wa wapima ardhi, Mama Mwende katika gauni lake la kanisani, Mzee Wafula na mimi. Mashine huwa inatunza kumbukumbu ya mambo yake, na Mzee alikuwa ameichapa. Akasoma bila kuinua macho: saa saba na dakika kumi, namba ya jiko. Saa saba na dakika kumi na nane, namba imefutwa kupitia mlango wa fundi.

"Nani alifungua?" mkurugenzi akauliza.

"Ni mimi," Mama Mwende akasema. "Huyu msichana alinionyesha kwa simu."

Wote wakanigeukia. Ile barua ya kudumu ilikuwa bado kwenye mkoba wangu. Kutoa mlango wa fundi kwa mteja kulikuwa kosa la kufukuzwa siku hiyohiyo, bila maswali. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisita. Sikusita.

"Alinipigia, ni kweli," nikasema. "Nilimwambia azime, angoje nije."

Mama Mwende hakupiga kelele. Aliniangalia tu kama mtu aliyesahau neno na anangoja likumbukwe. Kisha akasema, "Basi ngojeni niwaonyeshe vile aliniambia." Akainuka, akaweka kidole juu ya meza ya kioo kana kwamba ndiyo mashine, akabonyeza vitufe visivyokuwepo kimoja baada ya kingine, bila kukosea hata kimoja. Mwishoni akashika kidole pale, akahesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, amina."

Mkurugenzi alicheka. Bosi wetu naye akacheka, akasema, "Hii sasa ni maombi ama ni fotokopi?" Mzee Wafula peke yake hakucheka. Aliinua kichwa, akanitazama, na nikajua kuwa amejua. Sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu yeyote. Nikangoja aseme.

"Mzee, wewe unasemaje?" mkurugenzi akamuuliza.

Akapanga karatasi zake taratibu. "Mashine imesema vile ilikuwa. Ilifunguliwa saa saba na kumi na nane. Mumbua hakuwa hapa."

Kila neno lilikuwa kweli. Mama Mwende alifutwa kazi kabla ya chakula cha mchana, na kabla hajaondoka alirudi kwenye kile chumba kubandua picha ya mtoto wake, unga mweupe ukiwa bado juu ya kila kitu. Mimi na Mzee tuliteremka ule mlima kwa miguu. Tulipofika chini kabisa aliniuliza swali moja. "Umekula?" Nikasema bado. Akaninunulia chai na mandazi, akaniombea chakula, akaniangalia nikila. Hakuligusia jambo lile siku hiyo wala siku nyingine yoyote katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na mimi, mjinga, niliuita ukimya wake msamaha.

Nimepanda cheo mara nne tangu siku ile. Nimefundisha wasichana wengi, na huwaambia wahesabu hadi nne. Wakiniuliza kwa nini wale wa zamani husema amina, nasema ni mazoea tu ya mzee mmoja mlokole. Nimemwomba Mungu msamaha katika makanisa mbalimbali, na kila mara nilimwomba Yeye kwa sababu Yeye hana kibanda ninachoweza kupita mbele yake. Mama Mwende alikuwa nacho. Nilijua kwa muda mrefu kwamba anatoa fotokopi Kenyatta Market, upande wa saluni, nami nikaacha kula nyama kule. Watu hudhani nimekuwa mtu wa mboga kwa ajili ya presha.

Sasa daftari. Ukurasa wa Upper Hill una tarehe, saa, namba ya jiko, yote kwa mwandiko wake wa kulala. Kwenye safu ya Sababu ameandika neno moja: Naijua.

Nilikwenda kwa Mama Mwende siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Kibanda chake ni chembamba, kimebanwa kati ya saluni mbili ambako wanawake wanane au tisa walikuwa wakisukwa na kuongea wote kwa pamoja. Ndani mlikuwa na kompyuta, na mwanamke kijana akimjazia mteja fomu, na mashine kuukuu ya fotokopi niliyoitambua kwa namna ilivyofungwa waya. Mzee Wafula alikuwa ameiunda kutoka kwa mizoga mitatu ya karakana yetu. Ilikuwa ya rangi nyeusi tu. Mama Mwende alikuwa akilinganisha karatasi kwa kuzigongesha mezani, vilevile kama zamani.

"Nilikuona kanisani," alisema bila kuinua macho. "Ukapitia nyuma."

"Ndiyo, Mama."

"Wafula alikuwa anakuja hapa kila Disemba. Kuangalia mashine, ati. Nikimuuliza, ananiambia, 'Atakuja.' Nikamwambia, si wewe mwenyewe useme? Akalia. Mzee mzima." Akaziweka karatasi chini. "Sasa amekufa, ndio umekuja."

Nilipiga magoti pale kwenye saruji. Nikamwambia nilimsingizia, nikamwambia kuhusu ile plagi, barua, nyama. Nikafungua daftari nikamwonyesha lile neno. Alilisoma, akalifunika kwa kiganja.

"Simama," akasema. "Mimi sihitaji kuambiwa. Mimi nilikuwa pale. Unajua nyumbani kwangu hiyo kitu ilikuwa nini? Utani. Nikivunja kikombe, baba Mwende anasema, 'Amina.' Nikiunguza ugali, 'Amina.' Alikuwa ananipenda, lakini alienda kaburini akijua mke wake hushika vitu hajafunzwa, halafu anasingizia watoto wa watu. Na huyu pia alijifunza hapo." Akamwelekezea kidole yule kijana wa kompyuta. "Juzi printa ilikwama. Uliniambia nini, Mwende?"

Mwende alikuwa ameacha kuandika. Ile picha ya ukutani ilikuwa imekua, ina miwani, na ilikuwa ikinitazama. "Nilisema amina," akajibu polepole. "Lakini Mum, ilikuwa tu joke."

"Najua. Sasa sikiza huyu." Mama Mwende akanigeukia. "Mwambie."

Nilikuwa na ile karatasi ya kanisani kwenye mkoba bado, lakini hakukuwa na neno ndani yake la kunisaidia. Nikasema, machozi yakinitiririka, sauti ikitoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, "Mama yako hakudanganya. Mimi ndiye niliyemwambia abonyeze."

Mwende akaondoa mkono kwenye kibodi. Mteja akashusha simu yake. Mama Mwende akainuka, akaenda mlangoni, akalivuta pazia lililotutenga na saluni hadi mwisho wa waya. Wasusi wakageuza vichwa, na wateja wao nao, vitana vikining'inia kwenye nywele.

"Ongeza sauti," akaniambia. "Hawa nao wasikie."

Nikarudia.